Intaneti Iliyoogopa Jua

Haya, jongeeni. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitawadai jibu, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri. Leo sina sungura, wala sultani mwenye mabinti saba. Nina mwanamke mmoja mwenye hasira, na watu watatu waliomsaidia, kila mmoja kwa kipaji chake. Hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Nawaambieni mapema msije mkamwona mkorofi.

Mwanamke huyo ni Bi Hidaya, wa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili. Alifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na mitatu, akastaafu. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, akamwachia nyumba yenye chumba cha mbele chenye mlango wake wa barabarani. Kishikeni chumba hicho kichwani, kwa sababu kila mtu katika ukoo alikitamani.

Wa kwanza kukitamani alikuwa wifi yake, Kibibi. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi, na kipaji chake kilikuwa kuandika. Aliandika kila kitu: maji yamekatika saa ngapi, nani kaja kuazima kinu, paka kazaa wangapi. Watu wakimcheka, yeye husema, "Kichwa kinasahau. Daftari halisahau." Kwa umri wake ule alikuwa bado analala kwa mpwa wake, chumba kimoja na watoto wanne wanaopigana mateke usiku kucha. Alitaka mahali pa kulaza mbavu zake.

Wa pili alikuwa mkwewe, Mbaruku, mume wa binti yake, fundi redio. Kipaji chake kilikuwa kutoamini. Ukimwambia spika imekufa, yeye anaanza kupima waya wa umeme. Ukimwambia wewe ndiye mwenye redio, nadhani hilo pia angelipima. Alifanyia kazi kwenye kibaraza cha duka la watu, na kila jioni akikusanya vyuma vyake kwenye gunia na kuvibeba begani kurudi navyo. Alitaka karakana yenye mlango na kufuli.

Wa tatu alikuwa Chausiku, mdogo wake tumbo moja, muuza dagaa sokoni. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Si mdomo wa kusengenya, la! Mdomo wa kung'ang'ania. Chausiku akikushika kwa maneno, hata ukikubali kosa haachii mpaka ukubali na la jana. Alitaka duka, achoke kupigwa na jua.

Sasa sikieni lililomkera Bi Hidaya.

Alipostaafu alikaa nyumbani miezi sita, mpaka akaanza kusemezana na masufuria. Halafu chuo kimoja cha lugha, huko Ulaya, kikampa darasa la Kiswahili kwa njia ya video: watu wazima kumi na wawili, Jumatatu mpaka Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana. Basi mama wa watu akafufuka. Asubuhi anaoga, anajifunga kanga safi, anavaa miwani, anaketi wima kama yuko mbele ya kidato cha nne. Mtaani wakarudi kumwita Mwalimu. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akasema, "Si kadarasa tu?" Darasa lile ndilo lililokuwa linamwamsha.

Akaunganishiwa intaneti ya waya wa fiba na kampuni moja iitwayo Mkonge Neti. Mafundi wakaja, wakavuta waya kutoka nguzo ya barabara ya nyuma, wakaupitisha juu ya ua wa jirani, wakauingiza ndani, wakamwachia rauta, kile kisanduku cha kurushia intaneti ndani, yenye taa nne. Bi Hidaya akaiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi yake, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyolelewa. Redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, kitu cha maana hakikai uchi.

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Baada ya hapo ikaanza kukata. Yuko katikati ya ngeli, "kiti, viti, kikombe...," picha inaganda. Wanafunzi kumi na wawili wanamtazama mwalimu wao amekodoa macho, mdomo wazi, kama samaki wa jana. Hapati kurudi hewani mpaka saa tisa, wanafunzi wameshakwenda zao, na siku inayofuata anawakuta watano tu. Alijaribu na bando la simu, picha ikaja vipandevipande.

Akapiga simu huduma kwa wateja. Muziki. Muziki. Halafu sauti ya upole inayokera kuliko tusi: "Mama, zima kifaa, subiri sekunde thelathini, kisha uwashe." Akazima, akawasha. Kesho yake tena. Akaambiwa ni mvua, hali ya hewa imeathiri mitambo. Akaambiwa ni kitambaa chake, kinaipa rauta joto. Mafundi wakaja mara nne, kila mara saa kumi jioni, wakakuta taa zote za kijani, wakamtazama kama bibi aliyechanganyikiwa. "Mbona iko vizuri, mama? Hapa hamna tatizo."

Hamna tatizo! Miezi minane mtu anakwambia huna tatizo, na wewe unazama! Bi Hidaya alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kumpigia mwanafunzi kelele, lakini mwezi wa nane alijikuta anaigombeza simu mpaka jirani anakohoa ng'ambo ya ukuta.

Ndipo ikaja barua ya chuo. "Mwalimu Hidaya, tunakuheshimu, lakini wanafunzi wanalalamika. Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia leo, mkaguzi atakaa darasani mwanzo mpaka mwisho. Darasa likikatika, tutampa mwalimu mwingine."

Aliisoma akiwa amesimama. Siku hiyohiyo, kama aliyeitwa na shetani, akabisha hodi kijana wa kampuni nyingine, wale wa magari ya njano. "Hamia kwetu, mama. Sisi hatukati." Bi Hidaya akamuuliza watakuja lini kufunga. Kijana akasema foleni ni ndefu, Ijumaa ya wiki ya tatu. Yaani kesho yake mkaguzi akishaondoka! Akaijaza fomu vilevile, kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Jioni akawaita wale watatu sebuleni. Hakuwakaribisha hata chai.

"Mimi nimechoka," alisema. "Wallahi nawaapia, mmoja wenu, au mtu yeyote, atakayenirudishia darasa langu, chumba cha mbele ni chake. Sikipangishi, sikiazimi. Namkabidhi ufunguo mpaka siku nitakayokufa."

"Wifi, hasira hizo," alisema Kibibi. "Usiape ukiwa na hasira."

"Nimeshaapa!"

Kosa lake lilikuwa hapo. Alisema mmoja. Hakufikiria kwamba ugonjwa mmoja unaweza kuhitaji waganga watatu.

Kibibi alianza asubuhi yake. Akanunua daftari kubwa, akalichora mistari kama ile karatasi ya joto inayoning'inia kitandani kwa mgonjwa: saa, taa, jua, mvua, umeme. Akajiweka mbele ya kabati kuanzia alfajiri mpaka magharibi, akashinda hapo wiki mbili nzima. Hata kwenda chooni alimwachia mtu zamu. Bi Hidaya alikuwa akimpita anasonya. Kuandika kunatibu nini? Lakini wiki mbili zilipotimia, Kibibi alivaa miwani akamsomea kama anayekabidhi wodi.

"Siku ya jua inakata saa nne na nusu, inarudi saa tisa. Mvua ikinyesha haikati hata mara moja. Jumapili haikati kabisa, jua liwake lisiwake."

Bi Hidaya alimkazia macho. "Wanasema ni mvua inayoiharibu."

"Waongo. Mvua ndiyo dawa yake. Nimeandika."

"Intaneti gani hiyo inaogopa jua, halafu Jumapili inakwenda kanisani?"

"Mimi sijui, wifi. Mimi naandika tu."

Basi ule uongo wa mvua ukafa pale. Na ikajulikana pia kwa nini mafundi hawakuona kitu: mgonjwa anapona saa tisa, wao wanakuja saa kumi.

Mbaruku akaanza palipoishia daftari. Aliingia na gunia lake, akafungua kabati, akakivuta kile kitambaa.

"Unalivua nguo kabati langu, Mbaruku?"

"Samahani, mama. Hawa wanasema kitambaa ndicho chenye kosa. Mimi siamini, lakini sikuamini na wewe. Acha nipime."

Akaitoa rauta, akaiweka juu ya stuli, akaielekezea feni mpaka vitambaa vya makochi vikapepea. Saa nne na nusu, taa nyekundu. Kesho yake akabadilisha waya wa umeme, akaleta na betri ya gari. Saa nne na nusu, taa nyekundu. Siku ya tatu akaazima rauta nyingine kwa rafiki yake, mpya, ya kampuni hiyohiyo, Mkonge Neti wakaipa kibali kwa simu baada ya kubembelezwa saa nzima. Jua likatoka. Saa nne na nusu ikafika. Nyekundu!

Akafuta jasho. "Mama, rauta haina kosa. Umeme hauna kosa. Kitambaa chako hakina kosa, kirudishe. Taa hii inasema mwanga haufiki kutoka nje. Ugonjwa uko nje ya ukuta wako."

Na uongo wa pili ukafa.

Mtasema, sasa si apande ukutani achungulie? Hapo ndipo hamuujui mtaa. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na ua wa Mama Namkunda, Mpare, mwanamke wa kazi zake, ambaye mumewe yuko Korogwe kwenye shamba la mkonge na hurudi mwisho wa mwezi. Mwanamume mwenye adabu hachungulii uani kwa mke wa mtu ambaye mumewe hayupo. Mbaruku angeweza kukamatwa ugoni kwa ajili ya intaneti! Bi Hidaya na Mama Namkunda wenyewe hawakuwa na ugomvi, ila hawakuwa na nenda-rudi. Salamu mlangoni, basi. Isitoshe, waya wa nje ni wa kampuni, na kampuni imeandika kwenye mkataba kwamba ukiugusa umejitoa mwenyewe. Kwa hiyo ilibidi fundi wa kampuni aje, na aje saa tano, na aje siku ya jua. Mkaguzi alikuwa amebakiza siku mbili.

Hapo akaingia Chausiku.

Jumanne alipiga simu saa mbili asubuhi. Muziki ukalia, yeye akauimba. Msichana wa kwanza akamwambia azime, asubiri sekunde thelathini. "Mwanangu," akasema Chausiku, "ninalo daftari hapa, kaa nikusomee." Akamsomea wiki mbili, siku kwa siku, saa kwa saa. Msichana akamhamishia kwa mwenzake. Chausiku akaanza upya, ukurasa wa kwanza. Wa tatu akamhamishia kwa msimamizi, naye akasomewa, akaelezwa na habari za feni na betri ya gari. Saa sita mchana msimamizi akasema, "Tumepokea, mama, tunalifanyia kazi ndani ya siku tano za kazi." Akakata.

Akamkatia Chausiku! Alaa!

Jumatano, jua limepiga, Chausiku hakwenda sokoni. Alikwenda ofisini kwao na tenga lake zima la dagaa. Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile laini, akaliweka tenga mbele ya kiyoyozi. Harufu ikaanza kutembea. Mlinzi akaja. Chausiku akamwambia, "Mimi ni mteja. Kuna bango hapo limeandikwa mteja ni mfalme. Mfalme anasubiri fundi." Wateja wawili wakatoka wameziba pua. Meneja akachungulia, akarudi, akachungulia tena. Haikutimia saa moja, Chausiku akatoka na fundi mmoja aitwaye Hiza, wakapanda bajaji moja, ngazi juu, tenga katikati. Na uongo wa tatu, ule wa "tulikuja hatukuona tatizo," ukafia njiani.

Saa tano kasoro robo walifika. Rauta inawaka nyekundu. Chausiku na Bi Hidaya wakabisha hodi kwa Mama Namkunda, wakamwomba amruhusu fundi aingie uani, nao wakaingia pamoja naye. Jamani! Waya wa fiba ulikuwa umelegea umeshuka usawa wa kichwa cha mtu, na juu yake yamening'inia mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni anayoifulia, yamelowa chapachapa, yanadondosha maji.

Fundi Hiza akashika kiuno. "Waya huu ndani yake ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga ndio unaopita. Ukiupinda kwa uzito namna hii, mwanga unamwagikia njiani." Akayainua mashuka manne kwa mkono. Sebuleni Mbaruku akapiga kelele, "Kijani!" Akayaachia. "Nyekundu!"

Mashuka yakianikwa saa nne na nusu, inakata. Yakianuliwa saa tisa, inarudi. Siku ya mvua hakuna kuanika, ndiyo maana ule mwezi wa kwanza, wa masika, mambo yalikuwa mazuri. Na Jumapili Mama Namkunda yuko kanisani.

Bi Hidaya alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Miezi minane! "Mama Namkunda! Umeniua! Umeniulia darasa langu na mashuka ya watu!"

Mama Namkunda hakurudi nyuma. Alitua beseni chini, naye macho yamemwiva.

"Usinipigie kelele uani kwangu, Mwalimu. Waya huu nimeulilia mimi? Walikuja kwangu bila hodi, wakaupitisha juu ya kichwa changu, wakauacha unaning'inia. Kamba yangu ya kuanikia wakaikata, na mti niliokuwa nimeifungia wakaung'oa, ili wapate pa kupita. Nikawauliza, sasa nianike wapi? Wakaniambia, anika hapohapo mama, hauna umeme huu, hauvunjiki. Muulize huyu!"

Fundi Hiza akatazama viatu vyake. "Si sisi. Walikuwa wale vibarua wa mkataba."

"Walivaa fulana hiyohiyo uliyovaa!"

Hasira ya Bi Hidaya ikabaki, ila haikujua tena imwendee nani. Fundi akasema waya utainuliwa kwa nguzo mpya, ndani ya siku saba za kazi. Mkaguzi anakuja kesho.

Alasiri ile Bi Hidaya alirudi peke yake kwa jirani. Akaomba. Si kitu chepesi kwake kuomba, na ua wake mwenyewe haupati jua, asingeweza kumpa pa kuanikia. "Kesho usianike, jirani. Siku moja tu."

Mama Namkunda akamweleza ukweli. Nyumba ya wageni ina wageni wa semina, na kesho mashuka yanatakiwa makavu kabla ya saa sita, si saa tisa kama siku zote. Wameshamwonya: akichelewa, kuna dobi mwenye mashine anaitaka kazi hiyo. Halafu akasema, "Nenda kafundishe, Mwalimu."

Alhamisi jua liliwaka la kukaangia samaki. Saa nne Bi Hidaya alifungua darasa, mkaguzi ameketi kwenye kijidirisha chake pembeni. Kiti, viti. Kikombe, vikombe. Saa nne na nusu ikapita, saa tano ikapita. Taa ya kijani. Akawafundisha na methali mbili, wakacheka. Saa sita mkaguzi akamwambia darasa ni lake, na kwamba miaka mingi hajaona mwalimu kama yeye. Bi Hidaya akafunga kompyuta akalia, tena kwa sauti.

Ng'ambo ya ukuta, mashuka kumi na mawili yalikuwa kwenye beseni, mabichi. Saa nane nyumba ya wageni wakatuma mtu kuyachukua vilevile yalivyo. Wakamwambia Mama Namkunda asije tena.

Ijumaa mambo yakaja kwa mpigo. Asubuhi Mkonge Neti walileta nguzo, kwa sababu Chausiku aliwapigia akawauliza kama wangependa safari hii aje na samaki wakavu wa ng'onda. Waya ukapanda juu kabisa. Mchana akaja kijana wa njano na ngazi yake.

"Nimekuja kufunga, mama."

"Waya wenu utapita wapi?"

Kijana akatazama. "Nguzo ni ileile ya nyuma. Tutapita hapohapo juu ya ua wa jirani."

"Mtamwambia jirani?"

"Ah, huwa hatuna haja."

Chausiku alikuwa anataka wahame, hata kama ni kwa kukomoa tu: miezi minane ya dharau hailipwi kwa nguzo moja. Kibibi akasema ugonjwa umeshajulikana, ya nini kuhamia wodi nyingine? Mbaruku akasema apewe wiki mbili apime zote mbili. Bi Hidaya akamtazama yule kijana wa "huwa hatuna haja," akaichana fomu yake vipande vinne. "Nihame huku niende kulekule? Kwaheri." Mkonge Neti nao hakuwasamehe. Aliwaandikia barua ya kurasa tatu, Kiswahili sanifu, isiyo na tusi hata moja, na nasikia meneja aliisoma mara mbili akaenda kunywa maji.

Hilo likaisha. Likabaki la ufunguo.

Jioni wakakusanyika sebuleni, safari hii chai ipo, lakini hakuna aliyeinywa.

Kibibi akaweka daftari mezani. "Bila hili mngekuwa bado mnalaumu mvua. Ni mimi niliyeiona saa nne na nusu. Hawa wawili wote wametembea juu ya karatasi yangu."

Mbaruku akasema, "Shangazi, daftari lako lilisema lini. Halikusema wapi. Kampuni wangesema kifaa ni kibovu, nunua kingine, na mama angenunua. Nimefunga kazi zangu siku tatu kuuhamisha ugonjwa huu kutoka ndani kwenda nje."

"Mmejua lini na wapi," alisema Chausiku, "mkaketi nalo kama kuku na mayai viza! Nani kamleta fundi? Nani kapoteza tenga la dagaa kwenye kiyoyozi cha watu? Dada, mimi ni tumbo lako."

"Usilete tumbo hapa," alisema Kibibi. "Kiapo hakikusema tumbo."

Sauti zikapanda. Bi Hidaya aliushika ufunguo mpaka ukamchora kiganjani. Aliwapenda wote watatu, na pale pale aliwachukia wote watatu, akajichukia na yeye kwa ulimi wake.

Mlango ukagongwa. Mama Namkunda aliingia, hakuketi.

"Nimesikia ukutani, maana mnapiga kelele. Mwalimu, uliapa mtu yeyote. Nilisikia na siku ile pia. Basi na mimi mnihesabu."

"Wewe?" Chausiku aliruka. "Wewe ndiye uliyekuwa unaukata! Mtu akuchome mwiba, halafu autoe, umpe zawadi?"

"Mwiba sikuuchoma mimi, walinikabidhi waliouchoma. Jumatano mlikuwa mmeshajua kila kitu, ninyi watatu na fundi wenu. Mlijua lini, mlijua wapi, mlijua nini. Je, Alhamisi darasa lingepita? Lisingepita! Lilipita kwa sababu niliyaacha mashuka yaoze kwenye beseni. Ninyi mmetoa wiki mbili, siku tatu, na tenga la dagaa. Mimi nimetoa kazi yangu. Na sasa waya umepanda juu, kamba yangu ilishakatwa, sina hata pa kuanikia kanga."

"Hukutafuta kitu, wala hukujua kitu," alisema Mbaruku, lakini kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Nilijua tu kwamba nitafukuzwa."

Bi Hidaya alitaka kumwambia jirani yake kitu, akafungua mdomo, akabaki hivyo hivyo, kama siku zile alipokuwa anaganda mbele ya wanafunzi.

Sasa zamu yenu, mnaonisikiliza. Msiniambie wakigawane chumba: kina mlango mmoja, na kitanda na karakana havienei humo pamoja. Msiniambie Bi Hidaya alishe maskini kumi, au afunge siku tatu, atoke kwenye kiapo kwa kafara. Anaijua njia hiyo na ameikataa, amesema aliapa kwa hasira lakini hakuapa kwa uongo. Tena msiniambie kampuni ndiyo yenye kosa. Hilo tunalijua, na kampuni haijaomba chumba.

Kuna aliyejua lini, aliyejua wapi, na aliyemleta fundi kwa nguvu. Na kuna ambaye hakujua lolote, akalipa. Mmoja akikosekana, darasa la Bi Hidaya lingekuwa la mtu mwingine leo. Mimi nilishajibu siku moja barazani, na shemeji yangu hajanisemesha tangu siku hiyo.

Watu wanne wamesimama sebuleni, na ufunguo ni mmoja. Je, wewe ungemkabidhi nani, na hao watatu wengine ungewaambia nini usoni?